Kichwa Nilichonyoa

Dunga, Kisumu
Jumanne, 9 Novemba 1993

Kwa Dada yangu mpendwa Beldina,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Usimsomee shemeji, na ukimaliza, ichome. Oduor, dereva wa lori la miwa anayekuletea barua hii, hajui kilichomo. Natumaini hamjambo huko Muhoroni na kwamba kifua cha mtoto kimepona. Mimi si mzima, Dada.

Ule uvimbe wa shingoni niliokuambia ni jino, ni saratani. Tangu Septemba nakwenda hospitali Nairobi kila baada ya wiki tatu kutundikiwa dawa. Daktari alinieleza kwamba dawa huua chembe za mwili zinazokua upesi, lakini haina macho. Haijui ipi ni ya ugonjwa na ipi ni ya nywele, mdomo, tumbo au damu. Inazipiga zote, kisha zile nzima zinaachiwa wiki tatu zipone. Dawa moja ni nyekundu. Mara ya kwanza nilikojoa nyekundu nikadhani nakufa palepale. Natapika hata maji. Ugali naumeza kwa machozi kwa sababu ya vidonda vya mdomo. Vidole vimekufa ganzi, sijui kama nimegonga herufi ya taipureta mpaka niangalie karatasi.

Nywele nazo zikawa zinabaki kwenye mto. Pale ofisini mtu akikonda tu wanakonyezana na kuutaja ule ugonjwa wa siku hizi. Niliogopa, na Jumapili nikanyoa kichwa chote. Sikufikiri kwamba kwetu kichwa kikinyolewa hivyo ni cha msiba. Jana Mzee Zadock, tarishi wetu, mtu wa Nyakach kama sisi, aliponiona aliweka birika chini akauliza ni nani ametutoka nyumbani. Wangui, mpiga chapa, akacheka kwamba sisi Wajaluo hata kinyozi akikosea tunatafuta maiti. Mzee hakucheka. Alinishika mkono akauliza tena, kijana, ni nani?

Baba wanajua alishakufa. Nikasema ni Mama.

Nimemuua Mama kwa mdomo wangu, Dada, naye yuko Pap Onditi anapalilia kunde. Mzee alilia. Halafu akanigombeza, kwa nini nimemzika kimya kimya kama paka. Sasa ofisi nzima inakwenda nyumbani Pap Onditi Jumamosi kutoa pole. Wangui ameshanunua majani na sukari.

Mtoe Mama pale kabla ya siku hiyo. Mwambie yote, kwa sababu majirani watamwambia vibaya zaidi. Dawa ya nne ni Jumatatu, na sina nia ya kupanda treni. Daktari anasema uvimbe unapungua, lakini kila nikitapika naona ni adhabu ya neno lile.

Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa jina, na shemeji pia.

Usipige simu ofisini wala usiandike kwa sanduku lao. Barua huchukuliwa na Mzee Zadock. Shuka Dunga, mashua zinaposhusha samaki, uulize nyumba ya Jentrix muuza omena. Nimepanga chumba cha nyuma. Mama akitaka kuja nawe, mlete. Ila nakusihi, mtu yeyote akimuuliza, aseme yeye ni shangazi yangu.

Mdogo wako,
Walter