Damu Yetu na ya Bwana Fulko

Kwa dada yangu mpendwa Hawisa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Uingereza, ambako mvua haijui kupumzika. Natumaini u mzima, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, ila mgongo umechakaa kwa kubeba mawe ya ngome ya Bwana Fulko. Lakini moyo hautulii, dada. Padre Anfrido anivumilie herufi zangu, na akusomee mkiwa wawili tu, mlango umefungwa.

Unajua Bwana Fulko hujisifu kwamba ukoo wake umetokana na wafalme wa baharini. Juzijuzi alikuja karani mmoja mpole, akaketi nasi wakati wa chakula, akauliza nani katoka kijijini kwetu Ferbua, maana anatafuta asili ya Bwana ili iandikwe vizuri. Nikadhani Bwana anatafuta jamaa zake awape chochote. Nikajibu kwa kiherehere kwamba Turstini, babu yake Bwana, alikuwa mdogo wake babu yetu, tumbo moja, na alitoroka utwana katika shamba la watawa akafuata jeshi huku. Wenzangu walicheka hadi mkate ukawapalia. Serlo akanipigia goti, akasema, “Mheshimiwa, tupitishie bia, kama mkono wako mtukufu haujachoka.” Nikacheka nao.

Karani hakucheka. Kesho yake msimamizi wetu alinivuta nyuma ya tanuri la chokaa, akaniuliza, “We Osberni, hivi hicho kichwa umekijaza chokaa?” Kumbe yule karani ni mtu wa Bwana Goselino, anayegombea ardhi hizi mbele ya mfalme. Nawe unajua desturi: anayetaka kuthibitisha kuwa mtu ni mtwana huwaleta ndugu zake wa damu barazani, wakiri kuwa wao ni watwana. Wakikiri, naye ni mtwana, hata akivaa manyoya ya thamani, na ardhi yote humtoka. Dada, ndugu wa damu wa Bwana Fulko waliobaki ni mimi na wewe.

Tangu hapo nikisikia kwato za farasi nadondosha jiwe. Serlo haketi tena karibu nami. Jana Bwana Fulko mwenyewe alishuka machimboni, akanitazama. Ana pua ya baba, Hawisa, na hukunja midomo vilevile. Akasema taratibu kwamba nitaapa juu ya mifupa ya mtakatifu kuwa sina damu naye, wala sina mtu Ferbua. Nikauliza, na nikikataa? Akaniuliza kama dada yangu bado anakaa karibu na kinu.

Sasa nikwambie ninalolizungukazunguka. Nimeshaapa, leo asubuhi. Niliweka mkono juu ya sanduku la mifupa nikasema mimi ni mtoto wa kuokotwa. Roho yangu nimeiuza, nami naogopa kufa.

Lakini kiapo changu ni bure iwapo watu wa Goselino watakupata, na watu wa Fulko watataka kuwatangulia. Ondokeni leo hii, wewe na mama. Msiende kwa mama mdogo, huko ndiko watakakoanza. Popote utakapofika, ukiulizwa kama una kaka, sema hukuwahi kuwa naye. Usinijibu. Barua hii itie motoni.

Mbusu mama mikono, mwambie nakula vizuri. Mungu awafiche.

Ni mimi niliyekuwa kaka yako,
Osberni