Tulimsifu Kanenepa, Kumbe Amevimba

Kwa Mzee Aikaeli,
Mwika, Moshi.
Agosti 8, 1998

Mpendwa mdogo wangu Godlove,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu utasema shikamoo dada hata kama uko peke yako dukani, kwa hiyo naitikia mapema. U hali gani huko Dar? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Na mwanangu Zita anaendeleaje na mimba yake? Mwambie asisimame sana, na asile udongo. Marehemu mama yake alikuwa na tabia hiyo, na nina wasiwasi ameirithi.

Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Shemeji yako Aikaeli anatembea vizuri tangu apate fimbo mpya, ingawa naona anaitumia zaidi kutuonyeshea makosa yetu shambani kuliko kutembelea. Mvua za El Nino zilikula barabara ya kushuka Himo, lakini kahawa imezaa na tumeanza kuchuma. Ng'ombe naye kazaa, kazaa jike. Kila asubuhi napeleka maziwa kwenye chama chetu cha wafugaji.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta wa basi, nimeisoma mara mbili. Umeniomba nije mwezi wa kumi na moja kumlea Zita akijifungua, kwa kuwa hana mama. Nimefurahi kuombwa. Lakini chini kabisa, baada ya salamu, umechomeka mstari mmoja kuhusu zile krimu na sabuni: kwamba utamalizia mzigo uliopo, kisha hutaagiza tena.

Godlove, barua hii ni ya mstari huo mmoja. Nilipokupigia simu kutoka Himo mwezi wa sita laini ilikuwa inakatika, na mimi nilikuwa nalia, kwa hiyo najua hukunielewa. Leo silii. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Umekaa Dar miaka ishirini, labda umesahau jinsi mzazi anavyolelewa kwetu. Mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hachoti maji. Mama mkwe ndiye anayempikia mtori wa ndizi, anamnywesha mlaso wa damu na maziwa na supu ya mbuzi, anamwosha na kumpaka mafuta. Siku akitoka kwenda kanisani kushukuru na kisha sokoni, watu hawamtazami yeye. Wanamtazama mama mkwe. Akitoka mnene anayeng'aa, mama mkwe amelea. Akitoka mkavu, mama mkwe atasemwa mpaka Krismasi.

Sasa jirani yangu Magdalena, yule wa ng'ambo ya mfereji, mkamwana wake alitoka mwaka jana mweupe, uso unawaka. Soko zima lilisimama. Na Magdalena unamjua, hakuacha mtu apumue. Kila nikikutana naye ni mkamwana wangu hivi, mkamwana wangu vile. Nikajiapiza moyoni kwamba Evelyn wa Hosea wangu akizaa, nitamtoa kiasi kwamba Magdalena atabadili njia.

Ndipo Krismasi ukaja na lile boksi. Nakumbuka ulivyolifungua sebuleni, watu wote wakiangalia: makopo kumi na mawili ya krimu yenye ua jekundu kwenye kifuniko, na sabuni za kutosha kufungulia duka. Ukasema dada, hii ndiyo wanayotumia wanawake wa mjini, biashara sasa ni huria, vitu vizuri vinaingia. Nilikubusu mkono. Nililificha boksi lile chini ya kitanda changu kumsubiri mzazi.

Tito alizaliwa tarehe tisa mwezi wa tatu, mtoto mzima, ana sauti ya babu yake. Kuanzia wiki ya kwanza nilimwosha Evelyn kwa sabuni yako kila asubuhi, na kila jioni nikampaka krimu uso, shingo, mikono na miguu. Sikubania. Mtu anayebania mafuta kwa mzazi ni mchoyo wa kutisha.

Wiki ya tano mashavu yakajaa. Wiki ya saba miguu ikatuna mpaka kandambili zikambana. Godlove, nilichekelea! Nilimwita Magdalena kwa makusudi aje amwone mtoto. Alimshika Evelyn shavu, akatikisa kichwa, akakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba nimemshinda. Siku hiyo nilikata majani ya ng'ombe nikiimba nyimbo za kanisani zote ninazozijua.

Evelyn mwenyewe aliniambia kwamba amechoka, kwamba asubuhi macho yanamwia mazito, na kwamba mkojo wake unatoa povu kama pombe ya mbege inayochachuka. Nikamwambia ndivyo anavyokuwa mtu anayekula vizuri. Nikamwongezea supu. Mimi huyu niliyezaa watoto watano, mwenzangu ananiambia anaumwa, na mimi namsikia kama ananishukuru. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, na sitaki kulificha.

Aliyetuokoa ni Hosea. Alikuwa mlimani Kilimanjaro akiongoza wageni safari mbili mfululizo. Kule wamefundishwa kuwaangalia wageni wanaovimba, maana mtu akivimba mlimani hasubiriwi, anateremshwa. Aliporudi alimsalimia mkewe, akamtazama, akachuchumaa, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki. Alitoka akaenda kutafuta pikapu ya kutushusha Moshi.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo wa umri wa Zita. Alipima mkojo, akasema figo zinavuja. Kisha akaniuliza mimi, si Evelyn: mama, unampaka nini? Nilimjibu kwa fahari kabisa. Akaniambia nilete kopo. Akalipeleka na kipande cha sabuni kwenda kupimwa. Majibu yalipokuja alinieleza polepole ili nielewe, kwamba ndani yake mna zebaki, ile ile inayopanda na kushuka ndani ya kipimajoto, ambayo kikivunjika nesi anawatoa watu chumbani. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu awe mweupe. Inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inakwenda kukaa kwenye figo.

Nilikuwa nimempaka zebaki mke wa mwanangu asubuhi na jioni, kwa mikono yangu hii, huku nikimwombea.

Evelyn alilazwa mwezi mzima. Chakula bila chumvi, dawa, mkojo kupimwa kila siku. Mtoto naye alipimwa, na namshukuru Mungu hakukutwa na kitu, ila wanataka tumrudishe kila baada ya miezi mitatu. Maji yalianza kutoka mwilini, na pale kitandani akabaki msichana mwembamba niliyekuwa nimemsahau. Daktari anasema figo zinarudi. Hakusema zimerudi.

Ulisema kwenye simu, hilo nililisikia vizuri, kwamba wewe ni muuzaji tu, hukutengeneza. Ni kweli. Lakini mimi mwenye kiwanda simjui. Sikuubusu mkono wake, niliubusu wako. Na huyo mwenye kiwanda nimemtafuta kwenye kopo kwa miwani ya Aikaeli, hayupo. Hakuna jina lake, hakuna mji, hakuna orodha ya alichotia. Kuna ua, na maneno ya Kizungu ambayo Hosea alinisomea: utang'aa kwa siku saba.

Mimi ni mkulima, najua sumu. Dawa ya kunyunyizia kahawa imechorwa fuvu la kichwa kwenye mfuko, imeandikwa vaa glovu, na nikimaliza kunyunyizia simgusi mjukuu mpaka nimeoga. Sasa iweje sumu ya kuua ukungu wa mbuni ichorwe fuvu, na sumu ya kupaka uso wa mwanamke anayenyonyesha ichorwe ua? Maziwa yangu, mimi mwenye ng'ombe mmoja, yanapimwa kila asubuhi kabla hayajamiminwa kwenye pipa la chama. Yakikutwa na maji narudishwa nayo mbele za watu. Kwa nini mwenye kiwanda apitishe makontena bila mtu kumwambia fungua tuonje? Usiniambie ni biashara huria. Uhuru wa kuuza haujawahi kuwa ruhusa ya kutomjali anayenunua.

Na usiniambie wateja wenyewe wanataka. Mimi nilitaka. Nilitaka mkamwana anayeng'aa, sikutaka zebaki. Hakuna aliyenipa nafasi ya kuchagua.

Sasa nikueleze nilichofanya, usije ukadhani nakutuma kwenye mto ambao mwenyewe sijauvuka.

Evelyn aliporudi nyumbani nilikwenda pembeni ya shamba letu la kihamba nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea. Umewahi kusikia mama mkwe anampelekea mkamwana wake isale kumwomba msamaha? Aikaeli alinitolea macho, akasema mambo yamegeuka juu chini. Nikamwambia yaligeuka tangu Krismasi. Evelyn alilipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Mama, mtori unapoa, tule." Tulikula. Sijawahi kula chakula kitamu namna ile.

Siku yake ya kutoka ilipofika, Aikaeli alishauri tuisogeze mbele mpaka anenepe kidogo, watu wasiseme. Nikakataa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilimtoa jinsi alivyo, mwembamba, na weusi wake mzuri aliozaliwa nao unarudi. Tulipita katikati ya soko la Mwika, yeye na mtoto mgongoni, mimi mbele. Nilipofika kwa wanawake wa ndizi, Magdalena akiwa katikati yao, nikaweka kopo moja la ile krimu juu ya mkungu wake. Nikawaambia: "Yule mliyemsifu kanenepa alikuwa amevimba. Aliyemvimbisha ni mimi, na kilichomvimbisha ni hiki." Nikawaeleza yote, mpaka jina lako.

Ndiyo, na jina lako. Nilisema nililipata kwa ndugu yangu ambaye naye hakujua.

Hakuna aliyecheka. Jioni yake wanawake wanne walikuja nyumbani, kila mmoja na kopo lake. Wa mwisho alikuwa Magdalena. Alifungua pembe ya kanga, akatoa kipande cha sabuni ile ile aliyonunua Himo. Kumbe uso wa mkamwana wake uliokuwa unawaka mwaka jana, ulikuwa unawaka kwa hicho hicho. Kesho yake tulipanda gari pamoja kumpeleka yule mkamwana wake kupimwa.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nasema usimalizie mzigo. Niliposema wewe hukujua, nilisema kweli. Kuanzia leo sitaweza kuisema tena, maana umejua. Kila kopo litakalotoka dukani kwako sasa litatoka na wewe ukijua.

Funga hayo makasha leo hii. Usiyatupe jalalani, watu watayaokota. Usimrudishie kimya kimya aliyekuuzia, naye akamtafutia mjinga mwingine. Yapeleke kwa wakaguzi wa serikali pamoja na risiti zako, useme ulikoyatoa. Na huyo tajiri aliyekuuzia mwandikie, muulize kiwanda kiko wapi na nani alipima. Akishindwa kukujibu hayo mawili, amekwisha kukujibu. Kisha bandika karatasi mlangoni kwa Kiswahili cha kueleweka: waliochukua krimu hii kwangu waache kuipaka, wairudishe. Utapata hasara, najua, na wenzako mtaani watakucheka. Mimi nilisimama sokoni Mwika, mahali ambapo hata wafu wananifahamu. Kizuri chajiuza, Godlove. Ukisharudisha jina lako utauza hata kandambili na watu watakuja.

Siku utakayoniandikia kwamba makasha yameondoka, ndiyo siku nitakayoanza kufunga mzigo. Nitakuja na ndizi za mtori na siagi ya ng'ombe wangu mwenyewe, ile mama alikuwa akitupaka mpaka tukanuka maziwa darasani. Zita atatoka na rangi yake. Lakini sitamlea mzazi juu ya duka lenye yale makopo, hata kama mzazi huyo nampenda kama niliyemzaa.

Msalimie sana Zita, na mume wake Thadeus, mwambie shangazi anamkumbuka. Aikaeli anakusalimu na kuuliza kama Dar fimbo nzuri zinapatikana. Hosea anakusalimu, kidogo kwa ubaridi, lakini amesalimu. Mungu wa baba zetu akulinde, akupe usingizi mzuri na moyo wa kufanya lililo gumu.

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale. Litakuwa limekauka njiani, lakini fundo litakuwa bado limekaza. Usidhani nakuomba msamaha, na wala sijakutumia ulipande. Nimekuchumia tu kwa sababu najua uani kwako hayaoti. Ni lako la kumpa Evelyn. Lilete mwenyewe, mkononi, kabla ya Krismasi. Nimemwambia utakuja.

Dada yako, ninayekupenda hata ninapokukaripia,

Eliona