Taa za Amplifaya ya Baba

Ntinda, Kampala

Asalaam aleikum, kaka Abdunoor,

Natumaini Juba mko salama. Hapa mawingu yamekaa bila mvua, nami situlii.

Taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya ile amplifaya ambayo Baba aliinunua akiwa jeshini ziliungua. Fundi Oyat akanipa nichague: mpya za China, au za zamani alizozitoa kwenye redio ya Kijerumani.

"Mpya zitadumu. Za zamani zina sauti tamu," alisema.

Nikachukua za zamani. Baba akasikiliza, akatikisa kichwa. "Spika ya kulia imekufa."

Nikaweka mpya. Akasema vilevile. Nikabadilisha tena na tena mpaka vidole vikaungua. Lakini kaka, mimi nilizisikia spika zote mbili.

Jana nikamgeuzia kiti, spika ile ikawa kushoto kwake.

"Hii inalia," akasema. "Sasa ile nyingine ndiyo imekufa."

Kisha akashika sikio lake la kulia. "Nuriat, usimwambie Abdunoor."

Nimekuambia. Leo nimempeleka kwa daktari, naye anasema hata la kushoto linafifia. Usitume tena salamu kwa simu. Njoo ukae kushoto kwake, mzungumze.

Mdogo wako,
Nuriat