Wahindi Wameiba Wimbo wa Baba

Jumapili, 1 mwezi wa kumi

Aline wangu amesema mu redio! Ninaandika hiyo kwanza, mengine yatafuata. Sambaza, samaki zangu ndogo za ziwa, bado ziko inje ku jua na mvua inakuja, lakini mikono inakataa kazi. Mutoto wangu. Musichana wa Kadutu, aliyekula bugali na sambaza mpaka akamaliza université. Leo saa kumi sauti yake imetoka mu redio ya kila nyumba ya huu mulima.

Emisyon yake, kipindi chake, ni ya nyimbo za filme za Kihindi za zamani, zile wazee wetu walikuwa wanaenda kuona ku sale ya sinema kule mjini mbele tuzaliwe. Watu wamezisahau. Aline anazichimbua mu telefone, anazipiga, na wazee wanapiga simu wakilia. Mimi sizielewi. Violoni nyingi, na mwanamuke mwenye sauti nyembamba kama uzi. Lakini mwenye kuzitangaza ni wangu.

Niliweka redio ku dirisha, sauti yote. Kama kuna mutu hakusikia, kosa ni ya masikio yake.

Kitu kimoja tu. Mwishoni muzee moja wa Sange, kule chini mu bonde, alipiga simu. Hakumbuki jina ya wimbo. Anakumbuka musichana anauza maua na kijana ku baiskeli. Akaanza kuuimba kinywa kimefungwa, mmm, mmm. Laini mbaya. Aline akacheka, kisha akanyamaza. Kunyamaza mu redio! Akapiga wimbo mwingine haraka.

Sijapenda kule kunyamaza.

Jumanne, 3

Ku soko kila mutu amesikia. Yule hakusikia nilimuambia. Muuza ndimu wa pembeni yangu akasema, "Mama Aline, umetuambia jana." Nikamuambia tena, sababu jana alikuwa na wateja.

Jioni mazoezi ya korali. Jubile ni tarehe 22, miaka hamsini ya korali yetu. Na wimbo wa matoleo ni wa baba yangu, marehemu muzee Bahati. Aliutunga wakati korali inaanza. Mu parokia yote wanauita Matoleo ya Bahati. Ukiimbwa, wanawake wanapanda ku altari kwa kucheza, na ndizi, na kuku, na kitunga cha mihogo, na wa kwanza ni mimi. Hakuna aliyenichagua. Ni damu.

Mama Jolie, soprano wa safu ya mbele, anaitamani hiyo nafasi tangu tuko wasichana. Leo ananiuliza, tamu sana, "Mutoto anatafuta nyimbo zote za zamani?"

Zote, nikasema.

"Zote, hee."

Ile hee ilikuwa na kitu ndani. Nimeibeba mpaka nyumbani.

Alhamisi, 5

Aline ananificha kitu. Anavaa ekuta mu masikio, anasikiliza, anafunga macho. Nikiingia anageuza telefone uso chini. Mutu hafanyi vile juu ya violoni.

Ni mwanaume. Tena ninafikiri hakuna muzee wa Sange. Ni kijana anakohoa kwa makusudi ili aonekane muzee. Nimeona mengi.

Nimefagia mbele ya mulango yake asubuhi yote. Haikuwa na takataka.

Jumapili, 8

Emisyon ya pili. Nilialika majirani, nikapika chai. Muzee wa Sange akapiga tena. "Binti yangu, umenipatia wimbo wangu?" Ni muzee kweli. Ile kikohozi haiwezi kufundishwa.

Aline akasema, "Bado, papa. Bado natafuta, papa."

Papa mara mbili. Aline akisema uongo anaongeza heshima. Ni hivyo tangu alikuwa mutoto anakula sukari kwa siri. Mutoto wangu amedanganya muzee mu redio, mbele ya mulima muzima, na mimi peke yangu ndiye nimejua. Nikaendelea kumimina chai. Nilisikia haya, na hofu pia.

Jumatatu, 9

Wahindi wameiba wimbo wa baba!

Aline alikuwa inje anachota maji. Telefone ilikuwa ku chaji, na ekuta imechomoka. Nikasikia Matoleo ya Bahati. Nilifikiri ni korali. Hapana. Ni yule mwanamuke wa sauti ya uzi, anaimba wimbo wetu, na Kihindi chake, mwanzo mpaka mwisho. Pale sisi tunapiga makofi, wao wanapiga ngoma. Hata kule kupanda kwa sauti kabla ya "pokea Bwana", wamekuchukua!

Aline akaingia na kidumu. Akaona uso wangu, akaketi ku mulango.

"Maman, nilitaka jubile ipite kwanza."

Nikasema tutawashitaki. Diplome yake ya université ni ya nini basi?

"Maman. Ile filme ni ya zamani kuliko korali."

"Basi waliusikia mbele."

"Wapi? Nani alitoka Inde kuja kusikiliza mazoezi ya Kadutu?"

Nilienda kugeuza sambaza.

Jumatano, 11

Siongei na Aline. Ninamupatia chakula, lakini siongei naye.

Nimefikiri. Kama si wao walioiba, basi mwizi ni nani? Hiyo swali sitaki iingie mu nyumba yangu, na imeshaketi ku kiti.

Baba yangu, katekista. Mutu aliyerudisha hata sindano ya jirani. Padiri alisema mbele ya jeneza yake kwamba Mungu alimupatia wimbo. Mu kinywa ya nani, sasa?

Mama Jolie anajua. Ile hee maana yake njo hiyo. Padiri naye leo alinisalimia mufupi, "Mama," halafu akaenda. Muuza ndimu alicheka na mutu nyuma yangu. Aline akiupiga Jumapili, mulima muzima utausikia. Na tarehe 22, nikisimama na kitunga changu, hakuna atakayeangalia mihogo. Wataangalia mutoto wa mwizi.

Asipoupiga, yule muzee atakufa anausubiri. Nimeiona hiyo pia. Mimi si muti.

Ijumaa, 13

Nimefika Muhumba, kwa kaka yangu, kule mama anakaa. Sikumuambia Aline ninaenda wapi. Telefone yake niliichukua na nilimuambia ninaichukua. Hakuuliza.

Mama alikuwa ku baraza anachagua maharagi. Anasikia vizuri bado, macho ndiyo inapungua. Sikujua nianze wapi. Nikauliza kama baba aliwahi kufanya kazi ingine mbele ya parokia.

"Kwa Muhindi."

Hiyo nilijua. Sikuzote nilifikiri ni magazini, duka yake.

"Magazini gani? Ku sinema. Alikuwa anachana tiketi na kufagia sale."

Ninaandika kama ilivyokuwa. Niliweka wimbo. Mikono yake ikasimama mu maharagi. Halafu mama yangu, mwenye kusema rozari kila asubuhi, akafungua kinywa na kuimba Kihindi. Hakuruka neno hata moja. Wakati mwanamuke wa telefone anapumua, yeye anapumua. Muke wa kaka yangu akatoka jikoni na kijiko mu mukono, akabaki pale.

Ulipoisha aliniambia niurudishe. Nikaurudisha.

Akasema baba yake alikuwa mukali. Hakutaka mukwe mwenye kufagia maganda ya karanga ya watu wa sinema. Alikataza Bahati asimusemeshe binti yake, asimuandikie, asipite hata barabara yao. "Lakini Bahati aliniona mara moja ku mulango ya sale, na ule wimbo unatoka ndani. Nilisimama mpaka uishe. Akajua ninaupenda."

Kijana akaacha sinema, akaenda kwa padiri, akajifunza katekisimu, akaingia korali. Akachukua ule wimbo na akatia Mungu ndani.

"Kila Jumapili aliniimbia mbele ya watu wote. Baba yangu iko pembeni yangu, anapiga makofi, anasema wimbo muzuri, huyu kijana iko na imani." Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Mimi ninainama. Watu wanafikiri ninasali."

Nikamuuliza kama hakuona ni wizi.

"Wizi ni kuchukua na kukataa kurudisha. Yeye alinirudishia kila Jumapili mpaka akakufa."

Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Pikipiki za taxi zilisimama kunichukua, nikakataa. Nilikuwa ninauimba, na sikutaka mutu anione.

Jumapili, 15

Nimeongea na Aline. Nilimuambia yote, alilia, nikamuambia aache kulia ataharibu sauti ya redio.

Aline alikuwa tayari kumupigia wimbo, lakini muzee wa Sange hakupiga simu leo. Emisyon ikaisha. Aline akarudi nyumbani. Anafikiri muzee amekufa.

Mimi pia. Na kama amekufa, mimi ndiye nimemunyima.

Jumanne, 17

Mazoezi. Sikungoja mutu aseme nyuma yangu. Nilisimama mbele yao, wakaketi, prezidante wa korali ananiangalia kama nimeugua. Nikawaambia wimbo si wa baba. Maneno ni yake, sauti ni ya filme ya Kihindi. Nikawaambia alikuwa anachana tiketi. Nikawaambia juu ya mama. Nikasema kama wanataka mutu mwingine atangulie na kitunga tarehe 22, nitasogea.

Nilimuangalia Mama Jolie, sababu nilijua maneno itatoka kwake.

Ikatoka. "Njo maana hicho kiuno hakitulii ku matoleo! Tulifikiri ni Roho Mutakatifu, kumbe ni sinema!"

Korali yote ikaanguka kwa kicheko. Wanaume wa bass walipiga benchi. Hata mimi. Prezidante akafuta macho na kikwembe, kitenge chake, akasema zaburi nyingi zilianza vibaya kuliko hiyo, turudie kutoka mwanzo.

Inje nikamukamata Mama Jolie. Ulijua? Hapana, akasema. Na ile hee? Hee gani? Hakumbuki. Alitaka tu kuniuliza kama Aline anaweza kutafuta wimbo mumoja wa marehemu mama yake, akaona haya.

Ninaamini. Karibu yote.

Ijumaa, 20

Mvua tangu asubuhi. Sambaza nimezitandika ndani, nyumba yote inanuka ziwa. Aline anapiga pasi kikwembe changu cha jubile. Anaimba polepole. Simuzuii.

Amepata muzee wa Sange ku simu. Malaria tu. Alipoambiwa wimbo umepatikana alisema hataki kuusikia peke yake mu kiredio. Anapanda na bisi ya kesho, ana mujukuu huku atalala kwake. Kaka ataleta mama kutoka Muhumba. Mama ameniambia niweke kiti chake karibu na redio, lakini si karibu na padiri. Mama Jolie ataleta maandazi. Nimemupatia upande moja wa kitunga ashike. Upande wa kushoto.

Asubuhi tunauimba kwa Mungu. Saa kumi Aline anaupiga vile ulivyozaliwa. Nimeazima viti kwa majirani, na nimefuta vumbi ku redio.

Jumapili wote wanakuja.