Zulia la Mama Ukutani

Corner Brook, Newfoundland
21 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Garland,

Pokea salamu kutoka kwetu kwenye mvua. U hali gani huko Alberta? Mgongo umepona? Maxine na watoto hawajambo? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi. Shemeji yako Cyril anakohoa na daktari hamtaki, unamjua.

Nimekupigia simu tangu juzi, hupokei. Basi soma.

Jumamosi nilipeleka gari kubadilishwa matairi ya baridi. Wakati nangoja, nikaingia ukumbi wa kanisa ulio jirani, kulikokuwa na maonyesho ya sanaa ya kuchangia nyumba ya wagonjwa wa kansa. Haja yangu haikuwa sanaa. Nilitaka chai na mahali pakavu.

Nikapita picha za boti, picha za theluji, paka wa udongo. Halafu nikaliona zulia la mama, lile la matambara alilolifuma kwa ndoana kwenye gunia. Limetundikwa ukutani na kumulikwa taa.

Nikajiambia huenda linafanana tu. Sisi tulilijua zaidi kwa mgongo wake. Wiki nzima lilikaa upande wa maua chini yasichakae, likageuzwa Jumapili au padri akija. Nikainua pembe nichungulie nyuma. Kiraka chekundu kilikuwepo, kilichokatwa kwenye mkono wa sweta yako, pale ulipodondosha kaa la moto ungali mdogo.

"Usiguse, mpenzi," akasema mama mmoja wa pale.

"Nimelipigia magoti kusali rozari miaka yote, leo nisiliguse?"

"Pole, mama. Sasa ni kazi ya sanaa."

Kwenye kikaratasi pembeni: "Msanii hajulikani. Zawadi ya Garland Hynes."

Hajulikani, Garland? Siku ya mazishi nililitaka zulia lile mpaka nikalia. Ukasema, "Niachie mimi dada, niko mbali, nipate cha kumkumbukia." Nikakuachia. Kulitoa kwa wagonjwa sikulaumu, mama mwenyewe angelitoa. Lakini jina lako hukulisahau. Ulipofika kwenye la mama, wino ulikwisha? Kweli shukrani ya punda ni mateke. Umeniumiza sana.

Nikamwomba yule mama aandike jina. Akanijibu kwa upole, "Mpaka aliyetoa aseme, mpenzi." Yeye hana kosa. Alipokwenda kuchemsha maji, nililigeuza zulia, maua yakatazama ukuta. Haikuwa Jumapili, na padri sikumwona.

Wapigie simu kabla halijauzwa. Likienda kwa mgeni, liende na jina lake.

Nisalimie Maxine, na Darlene wako mkubwa umwambie nimemfumia soksi. Cyril anakusalimu, hayo mengine sijamwambia. Mungu akulinde kwenye barabara zenye barafu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Loretta, binti wa Philomena Hynes, aliyefuma zulia.