Nukta ya Wening

Sarpin rafiki yangu, nimetoka shuleni sasa hivi. Mwanangu Wening wamemtoa kwenye timu ya mashindano ya hesabu. Kwa sababu ya nukta.

Nukta, Sarpin.

Aliambiwa aigeuze tatu juu ya nane iwe desimali. Akaandika 0.375, kama kikokotoo kinavyoonyesha. Mwalimu mkuu akamwekea kosa, na nilipomfuata akaniambia: "Bwana Tukiman, Indonesia tunaandika koma. Nukta ni ya kutenganisha maelfu."

Nikamuuliza, "Kwani hesabu yenyewe amekosea?"

"Hesabu ni sawa. Alama ndiyo mbaya."

Hesabu ni sawa, alama ndiyo mbaya. Na mtu huyo anakula mshahara wa serikali.

Mimi niliyeishia darasa la nne nikamshika Wening mkono tukatoka, wazazi wengine wanacheka chinichini. Marehemu mke wangu angemjibu. Yule alikuwa akikata tempe, ile keki ya soya, vipande vinane sawasawa kwa macho tu.

Njiani nikamuuliza Wening nani amepewa nafasi yake.

"Bagas, mpwa wa mwalimu mkuu."

"Yeye aliweka koma?"

"Hapana, Baba. Swali lile aliliacha wazi."

Basi ndiyo maana hakukosea nukta.