Vita vya Kitwitwi na Gari la Mwenye Nyumba

Jumanne, mwezi wa kumi. Joto tangu asubuhi, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye mashuka, na mvua inatishia tu. Nimekasirika mpaka nashindwa kula.

Hapa kwenye lupango, ua wa nyumba tunamopanga, tuna vitwitwi wawili. Ndege weusi kwa weupe, wadogo kuliko ngumi, wanatembea uani kama makarani waliochelewa kazini, mkia juu, mkia chini. Dume amegundua vioo vya pembeni vya gari la mwenye nyumba. Kila gari likiegeshwa, anamrukia yule adui wa kwenye kioo, anateleza, anaanguka, anazunguka nyuma kumtafuta, kisha anarudi na hasira mpya.

Baba yangu humcheka mpaka anashika mbavu. Tangu tumzike mama, hakuna kingine kilichomchekesha. Si mimi, si wajukuu wake.

Leo saa nne mwenye nyumba alikuja kama kila siku kutoka kwake mtaa wa Golf, safari hii na ngazi ya chuma juu ya gari. Kiota kiko chini ya bati, karibu na dirisha la baba.

"Mama Rachel, hii ndege iko nachafula motoka yangu kila siku," akaniambia. "Leo natosha nyumba yake, naitupa chini."



Badala ya kumkatalia, nilimshikia ngazi.

Baba ndiye aliyeinuka kwenye kiti chake, akajikokota na fimbo, akaketi kwenye kipandio cha chini.

"Mule muko batoto," akasema, akionyesha kiota.

"Papa, ni ndege tu!" mwenye nyumba akafoka.

"Basi panda juu yangu."

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilikimbia ndani, nikaleta soksi mbili za shule za Rachel, nikavivika vile vioo. Hata dakika moja haikuisha! Mtu mzima, mwenye gari na akili zake, alifikiria ngazi kabla ya kufikiria kitambaa?

Majirani walikuwa wameanza kucheka wakichungulia juu ya ukuta. Mwenye nyumba alipakia ngazi yake akaondoka bila kuaga, soksi zikiwa bado kwenye vioo.

Makinda ni watatu. Wanapiga kelele ya njaa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ningependa kumkasirikia yeye peke yake. Lakini mzee wa miaka themanini aliketi kwenye chuma cha moto kwa sababu binti yake aliogopa kufungua mdomo.

Mtu huyo akirudi, nitasema mimi wa kwanza.

Nitaweza?